Mama Mkwe wa Pembeni

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa kamera. Nilipewa ufagio nikafagia studio ya Hajji pale Busia mjini, nikapangusa vioo vya kabati, halafu nikaambiwa nikae kwenye benchi nitazame. Hajji ndiye aliyekuwa mwenye studio na mpiga picha wake mkuu, mtu mrefu, mpole wa sauti, asiyependa kuulizwa jambo mara mbili. Mimi nilikuwa msichana kutoka Matayos, nina cheti cha kidato cha nne na maswali yasiyokwisha, kwa hiyo mnaweza kukisia tulivyoanza.

Kabla ya saa sita aliingia mwanamke wa rika langu, amejifunga leso, macho mekundu. Alijitambulisha kuwa ni Imelda Amoit wa Chakol. Mama yake alikuwa amefariki na mazishi yalikuwa Jumamosi. Nyinyi mnajua desturi zetu huku: picha ya marehemu inatangulia jeneza, kubwa, ndani ya fremu, na anayeibeba ni mjukuu au mtoto wa mwisho. Imelda hakuwa na picha ya kubeba. Mama yake hakupenda kamera maisha yake yote, na kitambulisho chake kilikuwa kimelowa maji mpaka uso ukabaki doa. Picha pekee iliyokuwepo duniani ni ya harusi ya Imelda mwenyewe, aliyoipiga Hajji miezi michache nyuma, ndani ya kanisa, na mama yuko mwisho kabisa wa mstari, mkono wa kushoto.

Kwa nini mwisho? Mtoto wa mjini ataniuliza. Kwetu, Waluhya na Wateso vilevile, mama hasogeleani na mkwewe, yaani mume wa binti yake. Hamshikani mikono, hamketi benchi moja, mkikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Sasa siku ya harusi bwana harusi yuko katikati ya picha na mama wa bi harusi ni lazima awepo, basi anasimama mbali kadiri picha inavyoruhusu. Nenda nyumba yoyote kuanzia Chakol mpaka Moding, tazama picha ya harusi ukutani. Utamkuta mama mkwe pembeni, nusu ya bega imekatwa na fremu.

Hajji aliutafuta mkanda wa harusi ile, akaniita nimfuate kwenye chumba cha giza. Humo tulikuwa na mashine ya kukuzia, inayomulika negativu, ile picha ya kwenye mkanda, juu ya karatasi, na beseni za dawa. Akaikuza ile kona ya kushoto peke yake, akaitia karatasi ndani ya dawa, tukasubiri. Uso ukaanza kupanda polepole kutoka kwenye weupe. Nilifurahi jamani, sikuwa nimewahi kuona kitu kama kile. Halafu ukaacha kupanda. Kilichobaki kilikuwa kama uji uliomwagika, macho mawili ya kivuli na mstari wa mdomo usiojulikana unaelekea juu au chini.

Tulimpelekea Imelda karatasi ikiwa bado mbichi. Akaitazama muda mrefu. Kisha akatueleza jambo ambalo hakuwa amelitaja alipoingia. Mama yake alikuwa amekataa ndoa ile. Mume alikuwa utingo wa malori ya kwenda Kampala, na mama alisema hatoi binti yake kwa mtu anayelala chini ya trela. Aliapa hatakanyaga kanisani. Siku yenyewe akatokea amechelewa, akasimama mahali pake pembeni, picha ikapigwa, akaondoka bila kuonja chakula. Hawakuwahi kuzungumza juu ya siku ile tena.

"Hajji," Imelda akasema, "hapa mama anacheka ama amenuna?"

Hajji alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena. "Mama, mimi naona vile wewe unaona."

Imelda aliichukua hivyo hivyo, ikatiwa kwenye fremu, na Jumamosi ikatangulia jeneza. Nilisikia baadaye kwamba wazee walipita mbele yake wakiuliza ni nani huyo. Jambo hilo liliniuma, na mimi sikuwa hata ndugu.

Jioni ya siku ile ile ya kwanza nilivunja sheria ya Hajji. Nilimwuliza, halafu nikamwuliza tena. Kwenye negativu ile ile, kope za bi harusi zilikuwa zinahesabika moja moja. Mama yake alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka hapo, dakika ile ile, mwanga ule ule. Ilikuwaje mmoja aonekane na mwingine ayeyuke? Hajji alikuwa anafunga kabati. Alinijibu kwamba ile ilikuwa lenzi ya bei ya chini, na lenzi ya bei ya chini ndivyo ilivyo. Aliona jibu limetosha. Mimi roho yangu haikutulia.

Hapo itabidi niwaeleze studio yetu ilikuwa na nini. Kulikuwa na kamera moja ya maana na lenzi mbili. Ya kwanza ni ile iliyokuja na kamera yenyewe kutoka dukani, nyepesi, mwili wake plastiki, inavuta na kusukuma, yaani unaweza kusogeza mtu karibu bila kuhama. Hii ndiyo iliyokuwa inakwenda harusini. Ya pili Hajji aliinunua Kampala, chuma na kioo kitupu, nzito, na aliihifadhi ndani ya bati la majani ya chai pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, kwa sababu unyevunyevu wa huku hupandisha ukungu ndani ya kioo. Lenzi ya Kampala haikutoka studio. Ilipiga picha za waheshimiwa na za wanafamilia wa Hajji, basi. Sisi wafanyakazi tuliila kwa macho.

Nilikaa pale muda kabla ya kuruhusiwa kupiga picha za pasipoti, na muda mwingine kabla ya kuruhusiwa kwenda harusini kubeba stendi ya miguu mitatu. Nilijifunza maneno ya kazi. Nililoling'ang'ania zaidi ni tundu. Ndani ya kila lenzi kuna tundu linalopanuka na kufumba kama mboni ya jicho la paka, na lina namba zake. Hapa ndipo wanafunzi hupotea: namba ndogo ni tundu kubwa, namba kubwa ni tundu dogo. Mbili ni mlango wazi, kumi na sita ni tundu la sindano. Ukiwa gizani unafungua ili mwanga uingie. Ukiwa juani unafunga.

Siku moja ya mvua, hakuna mteja, nilibandika ukurasa wa gazeti ukutani, umenyooka vizuri, na kwenye kila kona nikaongeza vipande vya matangazo ya vifo, yale yenye herufi ndogo kuliko zote. Nikaweka kamera kwenye stendi. Nikapiga kwa ile lenzi ya plastiki, tundu wazi kabisa, halafu nikaendelea kufunga namba moja baada ya nyingine. Nilitumia kipima saa cha kamera ili mkono wangu usiiguse. Hajji alikuwa msikitini. Aliporudi alinikuta nimeinamia mkanda uliokauka, nina kioo cha kukuzia machoni.

Nilidhani nitafukuzwa. Akaniuliza natafuta nini, nikamwambia namtafuta mama wa Chakol.

Hakucheka. Alichukua kioo, akaangalia, na mimi nikamwonyesha. Tundu likiwa wazi, katikati ya gazeti panasomeka bila shida, lakini kwenye kona matangazo ya vifo yamekuwa ukungu. Funga kidogo, kona zinaanza kupata sura. Fika namba nane, unasoma jina la marehemu, la baba yake, na la kijiji chake, kwenye kona kabisa. Lenzi ile ile ya plastiki! Nilipoendelea kufunga mpaka mwisho, ishirini na mbili, kila kitu kikalegea tena, katikati na pembeni kwa pamoja. Hilo lilinishangaza kuliko mengine. Nilikuwa nimejiwekea kwamba kadiri unavyofunga ndivyo unavyopata.

Hajji alikwenda kwenye bati la majani ya chai. Sitaisahau sauti ya kile kifuniko. Akaitoa lenzi ya Kampala kwa mikono yake, akaiweka kwenye kamera, akaniambia nifanye yale yale, naye akabaki amesimama nyuma yangu kama askari wa benki.

Matokeo yalikuwa hivi. Tundu likiwa wazi, lenzi ya Kampala iliishinda ya plastiki vibaya sana. Kona zilisomeka, si kwa uzuri wa katikati, lakini zilisomeka. Tulipofika namba nane tuliweka mikanda miwili sambamba juu ya taa, tukapokezana kile kioo, na hakuna kati yetu aliyeweza kuapa ipi ni ipi. Hajji alizibadilisha nisione, akanijaribu. Nikakosea. Nikambadilishia na yeye, akakosea.

"Sasa mimi Kampala nilinunua nini?" akauliza.

Swali hilo alilichukulia kwa dhati, na kwa wiki nzima ndilo tulilokula na kulala nalo. Jibu tulilipata wote wawili, kidogo kidogo. Alinunua uwezo wa kupiga picha gizani. Ndani ya kanisa la Chakol, madirisha madogo, flashi yetu haifiki mwisho wa mstari, huwezi kufunga mpaka nane, picha itakuwa nyeusi. Unalazimika kufungua, na ukishafungua lenzi ya bei ya chini inawaangusha watu wa pembeni. Ya bei ya juu inawashika. Bei kubwa inanunua kona, tena kona za gizani. Mchana nje, mahali penye kivuli kizuri, bei kubwa hainunui kitu ambacho mama mkwe atakihisi.

Tangu hapo Hajji alibadilisha mambo mawili. Lenzi ya Kampala ikatoka kwenye bati na kuanza kwenda harusini, ingawa aliifunga kwenye taulo kama mtoto mchanga. La pili ni kwamba picha ya ukoo haikupigwa tena ndani. Tuliwatoa watu wote nje, upande wa kivuli wa kanisa, hata padri akinung'unika. Wapiga picha wengine wa Busia walituona wajinga. Walisema madhabahu ndiyo inayopendeza.

Baadaye Hajji akafungua tawi Malaba, nami nikahamishiwa huko chini ya mkubwa mpya, Meneja wa tawi, mwanamke wa Moding aliyetaka tumwite Madam. Madam alikuwa mtu wa mambo mapya. Kamera za kidijitali zilikuwa zimeingia, na yeye alizijua kabla yetu. Kazi ya Malaba ilikuwa picha ndogo za madereva wanaotaka vibali, mchana kutwa, na harusi Jumamosi. Foleni ya malori ilipita mlangoni mwetu. Vumbi liliingia kwenye kila kitu, na nilijifunza kubadilisha lenzi nikiwa nimegeuzia kamera chini ili vumbi lisianguke ndani.

Pale nikataka kujaribu lenzi mpya za tawi, maana nilishakuwa na ugonjwa huo. Nikabandika gazeti langu. Nikapiga kwa lenzi ya bei kali aliyoiagiza Madam, na matokeo yakawa mabaya kuliko ya ile plastiki ya Busia. Katikati pamefifia, kona zimefifia, namba nane imefifia. Niliwaambia watu kwa siku kadhaa kwamba Madam ameuziwa bandia. Yeye naye akasikia, akanijia juu huyo mama mpaka nikatamani ardhi inimeze. Ndipo alasiri moja nimekaa, nimeweka glasi ya maji mezani, nikaona maji yanacheza. Trela lilikuwa limesimama nje linanguruma, likisubiri mstari usogee. Sakafu yetu yote ilikuwa inatetemeka, na stendi ya kamera juu yake. Kumbe nilikuwa napima injini za malori! Nikaichukua lenzi Jumapili moja nyumbani kwa Madam huko Moding, tukabandika gazeti kwenye ukuta wa ghala la mahindi, kimya kabisa, na ile lenzi ikaonekana ilivyo, kali kama wembe. Nililazimika kumwomba radhi mbele ya mumewe. Alinisamehe kwa kunilisha atapa, ugali wa wimbi wa Wateso, na mboga mpaka nikashindwa kuinuka.

Lakini kuna jambo moja mimi na Madam hatukuwahi kupatana. Lenzi yake ya bei kali inapofunguliwa wazi hufanya kitu ambacho wateja wanakipenda mno. Bi harusi anakuwa mkali mbele, na kila kilicho nyuma yake kinayeyuka, miti inakuwa mviringo wa mwanga. Nyinyi wa simu mna kitufe cha kuigiza hicho kitu. Ni kizuri, sikatai. Shida ni kwamba kadiri unavyofungua ndivyo upana wa mahali penye ukali unavyopungua, unabaki kama unene wa kitabu. Mama mkwe, kwa heshima yake, amesimama pembeni na pia amerudi nusu hatua nyuma. Basi anayeyuka pamoja na miti.

Nilimweleza Madam. Nikamwambia habari za Imelda. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavuta pumzi.

"Wateja wananunua bi harusi," akasema. "Hakuna mtu hulipa studio kwa sababu ya mkwe."

Alikuwa anasema kweli ya biashara, nami sikuwa na jibu la biashara. Nikamwambia tu kwamba picha ya bi harusi inatazamwa mwaka mmoja, na picha ya mama inatafutwa siku ambayo mtu hawezi tena kuipiga. Tulibishana hivyo miaka na miaka, bila ugomvi. Mwishowe tukaelewana kufanya yote mawili kila harusi. Ya wapenzi, tundu wazi, mviringo wa mwanga, raha yao. Halafu ya ukoo, tundu namba nane, mimi nikirudi nyuma na kuacha nafasi tupu pande zote mbili, ili mama mkwe asiangukie kwenye ukingo wa kioo. Nafasi tupu unaikata baadaye. Na nilikuwa nawaambia wa pembeni wasogee mbele kidogo, wasikae nyuma ya mstari. Hilo halikuvunja heshima ya mtu, kwa sababu kusogea mbele si kumsogelea mkwe.

Imelda Amoit tulikuwa marafiki kufikia wakati huo. Alikuwa anauza vitenge Malaba, na mumewe, utingo wa zamani, sasa ana lori lake mwenyewe. Alipita studio karibu kila wiki. Nilijaribu tena na tena kuiokoa ile sura. Tuliichukua negativu, tukaiingiza kwenye kompyuta, nikaiongezea ukali kwa kila njia iliyokuwepo. Jamani, nisikilizeni hapa, maana kila siku naona mnadanganywa. Kompyuta inaweza kukaza kingo za kitu kilichoandikwa. Kitu ambacho lenzi haikukiandika, itakubunia. Nilipata mara moja sura inayocheka, safi, ya kupendeza. Nikasogeza kidogo, ikanuna. Nilizifuta zote mbili kabla Imelda hajafika, kwa sababu hakuna hata moja iliyokuwa mama yake. Aliendelea kuwa na ile fremu ya uji ukutani kwake, na kila nilipokwenda Chakol aliniuliza, kwa mzaha uliokuwa si mzaha wote, kama siku hizi wameshatengeneza mashine ya kujua mtu alikuwa amenuna.

Mnaniuliza sana, hasa nyinyi mnaoanza: mama, ninunue lenzi gani? Nitawaambia nilichokiona kwa macho yangu, mengine mtajionea. Kama pesa ni kidogo, nunua ile ndogo isiyovuta wala kusukuma, ya milimita hamsini. Ni ya bei ya chini na kwa ukali imezishinda lenzi nyingi za kuvuta zenye bei mara kadhaa. Nilikataa kuamini mpaka gazeti lilipoamua. Ubaya wake ni kwamba miguu yako ndiyo inayofanya kazi ya kusogea. Kama utapiga watu wengi ndani ya ukumbi wenye giza, hapo tafuta pesa, nunua kioo cha bei ya juu, hutajuta. Usipige ukoo kwa lenzi pana sana ukiwa karibu, maana inawavuta wa pembeni wananenepa. Nimetukanwa na wakwe kwa ajili hiyo, na walikuwa na haki. Na kabla hujailaumu lenzi yoyote, angalia glasi ya maji.

Nilistaafu magoti yalipoanza kugoma. Mpiga picha wa harusi anainama na kuinuka kama mtu anayepanda viazi, na magoti yangu yalishapanda ya kutosha. Hajji alikuwa ametutangulia mbele ya haki. Wanawe waliniachia kile kioo cha kukuzia, ninacho mpaka leo. Nilifikiri mambo ya lenzi yamekwisha kwangu.

Kisha binti yangu Nafula akaolewa, hapo Matayos. Walileta mpiga picha kijana kutoka Kisumu, mwenye adabu, ana lenzi nene kama kikombe cha uji. Asubuhi nilimsikia akiwaambia wenzake kwamba lenzi hiyo aliinunua kwa sababu ya kufunguka, na hajawahi kuifunga. Nikaenda zangu kuvaa leso. Wakati wa picha ya ukoo ulipofika, watu wakapangwa, mkwe wangu katikati amevaa suti, Nafula ubavuni mwake, na mimi nikaenda mahali pangu.

Pembeni. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusimama upande ule wa kamera, na leso mabegani, nimeinamisha kichwa kama inavyopasa. Na mbele ya mkwe mama hapaazi sauti. Hatoi amri. Maisha yangu yote nimewapanga watu kwa kelele, na sasa nimefungwa mdomo, natazama lile tundu linavyoniyeyusha mbele ya ukoo mzima. Hasira ilinipanda, nisiwafiche. Nilimwona yule mama wa Chakol ndani ya beseni la dawa, nikajua siku moja Nafula ataingia kwenye studio ya mtu na kuuliza swali lile lile.

Imelda alikuwa amesimama kati ya wanawake nyuma yangu. Nikamnong'oneza. Akatoka kwenye mstari, akamwendea yule kijana polepole katikati ya uwanja, watu wote wakimtazama.

"Mama ya bi harusi anasema ufunge mpaka nane," akamwambia. "Urudi nyuma, na uache nafasi huku kwake."

Kijana akageuka kunitafuta. Aliuliza mama amejuaje mambo ya tundu. Imelda akamjibu kwamba afunge kwanza, habari nyingine ataelezwa kwa chakula. Alifunga. Akarudi nyuma. Imelda akarejea mahali pake, na picha ikapigwa.

Ilipokuja, imechapwa kubwa, Imelda alikuwa nyumbani kwangu. Mimi kwa tabia yangu sikumtazama bi harusi. Nilichukua kioo nikaenda moja kwa moja kwenye kona. Nyuzi za leso zinaonekana. Shanga zinahesabika. Mvi ambazo Nafula alinisihi nizipake rangi, zote zipo. Nikampa Imelda kioo nikiwa na majivuno kidogo, akainama.

Akakisogeza kioo polepole, kisha akakisimamisha.

"Hapa ulikuwa unasikia aje?" akaniuliza.

"Nilikuwa na hasira. Nilitaka kumnyang'anya yule kijana kamera."

"Hebu angalia uso."

Nikaangalia. Nilikuwa nimeshughulikia nyuzi na shanga, uso sikuutazama. Macho yangu hayakuwa yanatazama kamera wala chini. Yalikuwa yamekwenda katikati ya mstari, kwa Nafula, na mdomo umefunguka, meno nje, mwanamke mzima anacheka peke yake pembeni. Ningeweza kuapa kortini kwamba nilikuwa nimenuna.

Imelda akasema mama yake naye alikuwa na hasira siku ile, tena kubwa kuliko yangu, na bado alikuja, akasimama pale pale.

"Basi hata yeye pengine," akasema.

Machozi yalimtoka, na mimi pia, hatukuyaficha. Halafu akajipangusa kwa ncha ya leso, akakirudisha kioo mezani, akagonga kona ya picha kwa kidole.

"Hii ndiyo wataibeba yako."

Nikamwambia ndiyo, ndiyo hiyo, lakini wasiwe na haraka.